Ticha Aliyetazama Viganja

Ticha hakusalimiana kama watu wengine. Ukimpa mkono, hautikisi akauachia. Anaupokea, anaugeuza kiganja juu, anakitazama kidogo, ndipo anaitikia marahaba. Sisi wanafunzi tulisema anasoma siku za mtu zilizobaki. Nilicheka na wenzangu, nikaogopa na wenzangu, na mwisho nikafanya jambo ambalo wenzangu hawakulifanya: nilichukua wembe nikalikwangua neno aliloliandika juu ya mdogo wangu Vumi. Vumi akafa. Kwa hiyo mtu akiniambia nieleze habari za Ticha, siwezi kuanzia kwingine, maana hata nikianza na viatu vyake nitaishia pale pale.

Basi tuanze na viatu. Alivaa raba nyeusi, mwaka mzima, hata siku ya mahafali. Wanaume wa rika lake walipenda viatu vya kisigino, wasikike wanakuja. Yeye hakusikika. Sekondari yetu ya bweni ilikuwa Iringa, juu mlimani, na mwezi wa sita ukungu ulikuwa unaingia darasani kupitia madirishani bila hodi. Unageuka kumnong'oneza mwenzako jambo, unakuta koti la kaki limesimama nyuma yako, halina hata pumzi. Wasichana wawili wa kidato cha kwanza walishawahi kupiga kelele kwa ajili hiyo. Aliwaambia wakae, akaendelea na somo.

Tulimwita Ticha kwa sababu jina la Mwalimu siku hizo lilikuwa na mwenyewe, na nchi nzima ilimjua. Huyu wetu alifundisha Kiingereza. Alitoka ukoo gani, alizaliwa wapi, hatukujua. Tulijua tu kwamba na wanafunzi alisema Kiingereza, na wapishi alisema Kiswahili, na kuku wake alisema Kihehe. Na kuku ndio waliosemeshwa kwa upole kuliko wote. Ukipita nyuma ya nyumba yake unasikia, "Kamwene, kamwene," unadhani kuna mgeni, kumbe anamwamkia jogoo.

Alikuwa na majivuno, nisimfiche. Mwandiko wake ulikuwa mzuri mno na alijua. Akimaliza kuandika ubaoni alirudi hatua mbili nyuma akautazama, kama mwanamke anavyolitazama pambo la mkeka wake. Mwandiko wangu mimi aliuita njia ya panya. Kila wiki, bila kukosa, njia ya panya.

Jambo la ajabu ni kwamba hakutumia wino mwekundu. Walimu wote walisahihisha kwa nyekundu, yeye kwa kijani. Madaftari yetu ya Kiingereza yalionekana kama yameota ukoka. Siku moja mimi na Sekela, jirani yangu wa dawati, Mnyakyusa wa Tukuyu mwenye mdomo usiokuwa na mlango, tulitumwa kumpelekea madaftari nyumbani. Hakuwepo. Tukachungulia dirishani. Kwenye rafu ya ukutani kulikuwa na chupa ndogo ndogo zimepangwa mstari mmoja, kumi na kitu, zote zimejaa, zote nyekundu.

"Mungu wangu," Sekela akasema. "Unaona ninachokiona?"

Mimi miguu ilikuwa imeshatangulia. Tulikimbia mpaka bwenini, madaftari tumeyamwaga njiani. Leo najua zilikuwa chupa za wino. Shule ilimgawia kila muhula, na yeye hakuwa mtu wa kurudisha mali ya serikali wala kuitupa, basi aliziweka. Lakini nani angetuambia hivyo siku ile? Kabla ya chakula cha jioni bweni zima lilishajua kwamba Ticha anaweka damu za watu kwenye chupa.

Msomaji wa leo anaweza kucheka. Sisi tulikua na habari za mumiani, watu wanaosemekana kuwanyonya wenzao damu na kuiuza ikafanywe dawa. Mama zetu walitutisha nao ili tusizurure, na wao walitishwa na mama zao. Hatukuwahi kumwona mumiani hata mmoja. Tulichokosa ni mtu wa kumvika lile jina, na Ticha akawa amejitokeza mwenyewe, na raba zake na chupa zake.

Lakini yote hayo yangekuwa mzaha wa watoto wa shule kama si neno la wiki.

Kila Jumatatu Ticha aliandika neno moja la Kiingereza kwenye kona ya ubao, akalizungushia kijisanduku, na ole wake wa zamu atakayelifuta. Mpaka Ijumaa kila mmoja awe amelitumia. Si kwenye insha. Insha hakuitaka. Alitaka maandishi ya kila siku: barua kwa shangazi, kikaratasi cha kuomba ruhusa, orodha ya vitu vya kununua dukani. "Neno la insha ni sahani ya kabatini," alisema. "Mnamsubiri mgeni gani?" Wiki moja neno lilikuwa la kusitasita, na kijana mmoja akaomba ruhusa ya kwenda msalani kwa kuandika kwamba tumbo lake linasitasita. Ticha alimpa ruhusa na alama saba.

Sharti la pili lilikuwa gumu zaidi. Usiandike ambacho hukukitazama. Ukiandika ng'ombe amekonda, atakuuliza ng'ombe wa nani, amekonda wapi, mbavu ngapi zilionekana.

Basi likaja neno pallid. Siku ile alitueleza kwa Kiswahili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Ni mtu ambaye rangi ya uhai imemtoka, alisema. Sisi tukaenda maktaba tukafungua vitabu vya hadithi za Wazungu, na Ijumaa ilipofika darasa zima, watu arobaini, tuliandika kwamba bibi zetu wamekuwa pallid, weupe kama shuka.

Ticha aliyasoma yote kwa sauti, moja baada ya jingine, bila kucheka. Kisha akasema, "Mwenye bibi mweupe kama shuka asimame." Hakusimama mtu. "Basi mmewatukana bibi zenu, na neno mmelitukana."

Akaweka chaki mezani. "Kupauka ni kukosa mafuta, utajipaka utang'aa. Hili ni kukosa damu. Ngozi yetu sisi haisemi upesi. Itazame pale isipoweza kuficha." Akatuonyesha: kiganja, kucha, ulimi, na upande wa ndani wa kope la chini. Akaanza kupita dawati kwa dawati, anageuza mikono yetu juu kama mama anayechagua viazi sokoni. Alipofika nyuma, kwa kijana mmoja aliyeitwa Zakaria, alisimama. Alikishika kile kiganja muda mrefu. Akakilaza mezani taratibu, akarudi ubaoni, akaandika kwa mwandiko wake mzuri sentensi ya maneno matatu: Zakaria is pallid.

"Hiyo ndiyo sentensi ya kawaida," akasema.

Kesho yake alimpakia Zakaria kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli yake akateremka naye mjini hospitali. Zakaria hakurudi. Wiki ya tatu tulipigiwa kengele tukakusanyika uwanjani, mkuu wa shule akatutangazia.

Muhula uliofuata, Ticha akiwa mwalimu wa zamu, aliandika kwenye daftari la zamu kwamba mpishi ni pallid, apumzishwe. Kiranja aliyebeba daftari lile alisoma. Mama mpishi hakumaliza mwezi. Alikuwa na mimba iliyoharibika na watu wazima walijua, lakini nani anawaambia watoto mambo hayo? Sisi tulijua neno tu. Ameandikwa, amekufa. Na wahenga wameshasema, lisemwalo lipo, kama halipo laja.

Tangu hapo Ticha akaanza kutisha kweli. Akiingia darasani mikono ilikimbilia mapajani. Mkuu wa shule alimkataza kuwapeleka watoto hospitali kwa baiskeli, kwa sababu wazazi wawili walikuja kulalamika kwamba anayepanda baiskeli ile harudi. Basi akabaki na kalamu. Akabaki na jambo jingine pia, ambalo lilituogopesha kuliko kalamu. Asubuhi ungekuta kwenye kizingiti cha dirisha la bweni kifurushi cha jani la mgomba, na ndani yake maini ya kuchoma. Hakusema ni ya nani. Lakini kitanda kilichokuwa karibu na dirisha lile, mwenye kitanda alijua. Tuliwatupia mbwa. Nani ale nyama ya mumiani? Mbwa wa shule yetu walinenepa mwaka ule mpaka wageni wakawa wanauliza tunawalisha nini.

Mwaka huo ndio Vumi alipokuja kidato cha kwanza. Jina lake lilikuwa Vumilia. Alikuwa amelelewa kwa shangazi yetu Usangu, kwenye majaruba ya mpunga, miguu peku tangu anajua kusimama. Alikuwa mpole, mwembamba, na alipenda kula udongo wa kichuguu. Nilimkaripia mara nyingi. Alikuwa anajifuta mdomo, kesho anakula tena.

Mwezi wa sita kifurushi kikawekwa kwenye dirisha la Vumi.

"Dada," akaniambia, "yananukia vizuri."

"Weee! Ukithubutu!" Nikampokonya nikawarushia mbwa mbele ya macho yake. Vilikuja vifurushi vinne kabla Ticha hajaacha. Vyote vinne niliwapa mbwa kwa mkono wangu.

Dawa ya macho ya Ticha aliigundua Sekela. "Si anatafuta weupe?" akasema. "Basi tumpe wekundu." Nyuma ya vyoo vya shule kulikuwa na ngema ya udongo mwekundu, ule wa Iringa unaoshika kwenye nguo usitoke. Tuliulowesha kwa maji, tukajisugua viganja, tukajifutia kwenye majani. Rangi ikabaki kwenye mistari ya mikono na kwenye kucha. Vumi nilimpaka mwenyewe, kidole kimoja kimoja. Nilipogeuka kunawa uso nikamkuta analamba kiganja.

Ticha akaingia darasani kwetu asubuhi ile, ukungu umejaa, taa hazikuwa zinawaka. "Mikono juu ya meza," akasema. Tukaiweka. Viganja sabini na vinane, vyote vyekundu.

Alipita mstari wa kwanza. Akapita wa pili. Hakugusa mkono wa mtu. Alipofika mwisho alirudi mbele, akakaa kwenye kiti, yeye ambaye hakuwahi kukaa darasani.

"Mmeniziba macho," akasema, kwa Kiswahili.

Hakufundisha tena kipindi kile. Alikaa ametazama dirishani, kule kweupe, mpaka kengele. Na sisi tulipotoka nje tulishangilia. Tumemweza, tukasema. Tulibebana mabegani. Furaha ile naionea haya mpaka leo.

Niseme pia mazuri yake, maana niliyazuia miaka mingi. Hakuwahi kumpiga mtoto. Shule nzima ilikuwa na fimbo, yeye hakuwa nayo. Siku msichana mmoja alipozimia kwenye gwaride, Ticha alifika kabla yetu sisi tuliokuwa pembeni yake. Na mara moja tu alituambia jambo lake mwenyewe. Kijana mmoja alimuuliza, kwa utundu, kama yeye amewahi kumwona mtu pallid kabla ya Zakaria. Alijibu, "Mke wangu, asubuhi moja. Nilimwambia amependeza." Kisha akatuambia tufungue ukurasa unaofuata.

Mwisho wa mwaka tukapewa fomu za maendeleo. Zilikuwa zinaandikwa Kiingereza, zipelekwe kwa mzazi, mzazi atie sahihi, zirudi shule ikifunguliwa. Ya Vumi aliiandika Ticha, alikuwa mwalimu wake wa darasa. Wino wa kijani. Iliandikwa kwamba Vumilia ni mtulivu na anajitahidi. Sentensi ya pili ilisema tangu mwezi wa sita amekuwa pallid, na wazazi walishughulikie jambo hilo mara moja.

Niliisoma kituoni, tukingoja lori la kutupeleka kijijini. Vumi alikuwa amekaa juu ya sanduku lake, amefumba macho, anapumzika, maana kuteremka tu mlima kulimchosha. Nikatoa wembe niliokuwa nao wa kuchongea penseli. Nikaikalisha fomu kwenye goti nikalikwangua lile neno, taratibu, herufi kwa herufi, mpaka karatasi ikawa nyembamba, ikatoboka tundu dogo kama punje ya mahindi. Nililipuliza lile vumbi la kijani likaenda na upepo. Nikasema moyoni, umekosa, Ticha. Huyu humpati.

Mama hakujua Kiingereza, wala kusoma. Nyumbani kusoma fomu ilikuwa kazi yangu, namsomea kwa Kihehe chetu, yeye ameketi na mikono ya unga. "Huyo Ticha wenu anasemaje juu ya mdogo wako?"

"Anasema Vumi ni mtulivu, mama. Anajitahidi."

"Basi?"

"Basi."

Mama akafurahi. Akamshika Vumi kidevu, akamgeuzia kwenye mwanga. "Na shule imempendeza," akasema. "Tazameni alivyotakata, amekuwa mweupe kama mtoto wa mjini." Akagusa masizi ya chungu kwa dole gumba akaigandamiza fomu. Vumi alicheka kwa aibu. Viganja vyake vilikuwa vyekundu bado. Alikuwa anajipaka kila siku, hata likizo, kwa kuwa nilimwambia asiache.

Wiki ya pili ya mwezi wa kwanza alikwenda kisimani, akaketi njiani, akashindwa kuinuka. Wanaume wanne walimbeba kwa kitanda kuelekea zahanati. Nilikuwa nawafuata nyuma, nimebeba kanga zake. Nikaona wamesimama. Wakazungumza kidogo, wakageuza kitanda, wakaanza kurudi tulikotoka, na hakuna aliyenitazama.

Wanawake walipomwosha waliniachia mikono, kwa kuwa niliomba. Udongo haukutaka kutoka. Nilisugua kwa sabuni ya mche, kwa kipande cha gunzi, mstari kwa mstari. Ulipotoka nikakiona kiganja cha mdogo wangu, na kope lake nikalifunua kidogo kwa kidole, kama tulivyofundishwa. Hapo ndipo nilipolielewa neno lile. Nimesoma Kiingereza miaka mingi tangu siku ile, na sijalielewa neno jingine lolote kiasi kile.

Mganga wa zahanati alikuja kutoa pole. Alimuuliza mama maswali mawili matatu, habari za udongo, habari za kuchoka. Akatikisa kichwa. "Safura," akasema. "Minyoo ya kunyonya damu. Vidonge vyake ninavyo, viko kabatini, vimejaa."

Mama ndiye aliyetaka fomu irudi shule. "Ni mali ya serikali," alisema, akaifunga pamoja na kijiko na bakuli la Vumi. Nikampelekea Ticha. Alikuwa amesimama dirishani kwake. Alishaambiwa. Akaikunjua ile fomu, akaliona dole gumba la mama, akaona tundu. Akaiinua kwenye mwanga. Niliona doa dogo la mwanga lililopita kwenye lile tundu limemwangukia shavuni.

Nilingoja aniulize. Hakuniuliza. Aliikunja, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti, akasema, "Nenda darasani."

Hakuandika tena neno la wiki. Kile kijisanduku kwenye kona ya ubao kilikaa kitupu mpaka chaki ikafifia, na hakuna wa zamu aliyethubutu kukifuta. Mwaka uliofuata akahamishiwa Mbeya. Aliondoka na kuku wake kwenye tenga, bila sherehe. Chupa zake nyekundu alizirudisha stoo, zote, na mtunza stoo akazipokea kwa kushika kila moja na kitambaa.

Mimi nikawa muuguzi. Nadhani hilo halihitaji maelezo. Nikapangiwa kazi Mbeya, wodi ya wanawake kwanza, kisha wagonjwa wa nje. Kila siku tunaandika Kiingereza kwenye karatasi za wagonjwa: amekuja lini, anaumwa wapi, anaonekanaje. Na mimi, kwa miaka mitatu, neno lile sikuliandika. Wauguzi wenzangu waliliandika lao, lile jepesi la Kiingereza lenye maana ile ile, "pale", mara ishirini kwa siku kama mtu anavyoandika tarehe. Mimi niliandika amechoka, niliandika hana nguvu. Mgonjwa nilimkimbiza kwa daktari kwa mdomo, namshika daktari koti, namwambia njoo umwone huyu sasa hivi. Lakini kuandika, mkono uligoma. Sista wetu mkuu wa zamu aligundua. "Binti," akaniambia, "daktari wa usiku hasomi mdomo wako. Anasoma karatasi. Siku moja utaniulia mtu." Nikasema ndiyo sista. Nikaendelea vilevile.

Ilikuwa mwaka ule wa vita, mwezi wa sita, baridi ya Mbeya ile inayopasua midomo. Asubuhi naita majina, akaingia bibi mmoja wa Kihehe amemshika mkono mwanaume mrefu aliyevaa koti la kaki. Raba nyeusi. Sikumsikia akiingia.

"Shikamoo, Ticha."

Hakunipa mkono. Mikono yake yote miwili aliikunja ngumi, ameibana kifuani. "Marahaba," akasema. "Njia ya panya."

Nikacheka na machozi yakanitoka papo hapo. Nikawakalisha. Bibi alikuwa dada yake, ametoka Iringa kuja kumtunza. Ticha alikuwa amestaafu, amejenga upande wa Uyole. Nilimwamkia bibi kwa Kihehe chetu, akashukuru Mungu kusikia lugha. "Mwanangu," akaniambia, "huyu hataki kufungua mikono. Wiki ya tatu leo. Hata kula anakula amekunja, anashika kijiko kwa vidole viwili. Nikimuuliza anasema ni baridi."

"Ni baridi," Ticha akasema.

Nikamuuliza anajisikiaje. Akasema kawaida. Nikamuuliza ngazi za hapo nje amezipandaje. Pumzi yake niliisikia kutoka upande wa pili wa meza, yeye ambaye tulisema hana pumzi.

"Fomu ya mdogo wako ninayo," akasema ghafla. "Imo ndani ya kamusi. Nilidhani mama yako ndiye aliyekwangua, kwa hasira juu yangu. Nikasema ana haki."

Miaka saba nilikuwa nimeibeba sentensi ile, na ilipotoka ilikuwa fupi. "Mama hakuliona, Ticha. Hakujua lilikuwepo. Nilikwangua mimi kabla ya kufika. Nilimsomea, nikaliruka."

Alinitazama. Nilitaka anitukane, kweli nilitaka.

"Nilijua mama yako hasomi," akasema. "Nilijua atasomewa na mtoto. Na mtoto yule nilijua ananiogopa. Nikaandika Kiingereza, kwa mwandiko mzuri." Akapumzika, akavuta pumzi. "Kutoka shuleni mpaka kwenu ni mwendo wa saa tatu. Nilikuwa na baiskeli."

Bibi alikuwa anatutazama, mara mimi mara yeye, haelewi kitu.

Nikavuta karatasi yake. Nikaandika tarehe na umri. "Sasa, Ticha, fungua mikono."

"Andika nimechoka."

"Ticha."

"Andika uzee. Ni maandishi ya kawaida, nani atakuuliza?" Sauti ilikuwa ya kusihi, na ilinitisha kuliko kitu chochote alichowahi kutufanyia. "Wewe unajua wanaoandikwa wanakwenda wapi."

"Ulitukataza kuandika ambacho hatukukitazama," nikasema.

Akaiweka mikono mezani, kama sisi asubuhi ile, na akafungua kidole kimoja kimoja. Viganja vyote viwili vilikuwa vyekundu. Udongo. Alikuwa ameusugua vizuri, umeingia kwenye kila mstari, umekaukia kwenye kucha.

Bibi akashika mdomo. "Looo! Kaka, umefanya nini?"

Nilichukua pamba, nikailowesha, nikakishika kiganja cha kulia nikaanza kufuta. Safari hii mkono uliokuwa ndani ya mkono wangu ulikuwa na joto bado, kidogo, lakini ulikuwa nalo. Pamba ya kwanza ilijaa wekundu, nikachukua ya pili. Ticha alikuwa amegeuza uso dirishani. Nilipomaliza nilimgusa shavu, nikalivuta kope la chini, nikatazama mpaka nikaridhika kwamba nimetazama.

Nikachukua kalamu. Mkono uligoma, nikaulazimisha. Nililiandika lile lile la kwake, herufi sita, njia ya panya, katikati ya karatasi mahali ambapo daktari yeyote ataliona, nikapiga mstari chini yake. Nikamwita mhudumu alete kiti cha magurudumu, na mwingine akimbie maabara awaambie watafute damu.

Bibi akanishika mkono wa gauni. "Mwanangu, umeandika nini hapo?"

Nikamsogelea karibu, nikaishika karatasi mbele yake ingawa hasomi, nikaweka kidole kwenye mstari wa kwanza, nikamsomea kwa Kihehe mpaka mwisho. Sikuruka neno.